Galilaya Yenye Mipaini

Ilianza Jumapili, saa nane na dakika kumi mchana. Nina uhakika na dakika kwa sababu shangazi alikuwa ametoa saa ya sebuleni na kuitundika kwenye nguzo ya turubai ili mshereheshaji asipitilize muda, na mimi kazi yangu kubwa ilikuwa kuiangalia hiyo saa. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe lililonibana kwapani na glavu nyeupe ambazo moja ilishaingia supu. Nilikuwa nahesabu dakika zilizobaki kabla sijaruhusiwa kuvua.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepata kipaimara, mimi na wenzangu kumi, kwenye kanisa letu dogo hapa Makambako. Mchungaji alitubariki akaondoka, maana alikuwa na kanisa lingine la kwenda, kwa hiyo mgeni mkubwa kwenye sherehe yetu ya nyumbani akawa mwinjilisti, yule aliyetufundisha katekisimu kwa miaka miwili. Alikaa mbele kwenye kochi lililotolewa ndani. Upepo ulikuwa unamtupia tai begani na yeye anairudisha, unaitupa, anairudisha. Turubai lilikuwa linapiga kelele kama linataka kwenda Mafinga peke yake.

Utaratibu wa sherehe hizi kwetu unajulikana hata na watoto. Watu wanakula. Mtoto anapewa zawadi. Halafu familia inamtunza mwalimu wake wa katekisimu, na hapo ndipo watu wanapopimana, kwa sababu zawadi ya mwalimu inazungumzwa wiki nzima kuliko hata ya mtoto. Mwisho kabisa mtoto anapewa maiki anashukuru. Hicho kipengele cha mwisho nilikuwa nakiogopa tangu Ijumaa. Mimi siyo mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nanyamaza mpaka mwalimu apite kwa mwingine. Nilikuwa nimejiandikia sentensi mbili kwa peni kwenye kiganja, chini ya glavu.

Saa nane na dakika kumi shangazi akatokea nyuma ya nyumba na wenzake wa umoja wa akina mama, wamejipanga mstari mmoja, wanacheza taratibu. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na nyumba tunayoishi ni yake na baba, waliachiwa na bibi. Juu ya kichwa alikuwa ameshika kitu bapa kilichofungwa kitenge. Nilidhani ni trei. Upepo ukafunua kona moja ya kitenge, nikaona fremu ya kahawia iliyobonyea. Hiyo kona niliibonyeza mimi nikiwa na miaka mitano, nilipoiangusha nikijaribu kuifuta vumbi.

Ilikuwa picha ya mama yangu.

"Mwinjilisti, simama upokee bahari yako," mshereheshaji akasema, na watu wakacheka.

Shangazi akakifungua kitenge. Akachukua maiki, na sauti yake ya kwenye maiki ni ileile ya jikoni, haibadiliki. "Mwinjilisti wetu, hili ni ziwa la Galilaya. Limekaa sebuleni kwetu tangu enzi za marehemu mama. Hizo mashua ni za mitume, wanarudi kutoka kuvua. Na hapa pembeni kuna Kiebrania. Tumeona haifai kukaa nayo sisi wenyewe. Tunaileta ofisini kwako."

Vigelegele. Mwinjilisti akavaa miwani, akasogeza uso kwenye kioo, akaangalia yale maandishi yaliyoshuka kama ngazi pembeni na kile kimuhuri chekundu cha mraba. "Maandishi haya ni ya kale sana," akasema. Watu wakaitikia amina.

Nilimwangalia baba. Baba alikuwa anaangalia mfupa kwenye sahani yake.

Lazima nieleze hii picha, maana waliokuwa wanajua ukweli wake ni watatu tu, na mmoja hakuwepo hapo kwenye turubai.

Mama yangu ni Mpangwa wa upande wa Lugarawa, Mkatoliki. Alipokuwa msichana alikuja Njombe kutafuta kazi, akapata kwa mwalimu wa hesabu kutoka Japani, mama mmoja wa makamo aliyekuja kujitolea kwenye shule ya sekondari. Mama alikuwa anampikia na kumfulia. Yule mwalimu alipomaliza muda wake akampa picha hii, akamweleza kwamba haikuchorwa kwa mkono. Kuna fundi anachonga ubao, anaupaka rangi, anaweka karatasi juu na kuisugua mgongoni ili rangi ishike. Kila rangi ina ubao wake. Akamwambia ni mashua zinaingia bandarini jioni, huko pwani ya kwao.

Mama alinionyesha yote hayo kabla sijajua kusoma. Mashua ni sita. Mbili zimeshashusha matanga, watu wadogo wenye kofia pana wanavuta kamba. Tatu zinakuja. Moja iko mbali sana, ni alama tu, na nikiwa mdogo nilikuwa na wasiwasi nayo kila siku kama itafika. Maji ni bluu nzito juu, yanakwenda yakififia mpaka yanakuwa rangi ya maziwa karibu na mchanga. Ufukweni kuna miti, na miti hiyo ni mipaini. Mtu yeyote wa huku anaijua mipaini, imetuzunguka, ndiyo inayotulisha. Na ukisogea karibu kabisa, angani unaona mistari miembamba ya ubao wenyewe, mawimbi ya mti, na duara moja la fundo. Baba anafanya kazi ya mbao. Yeye ndiye aliyenionyesha lile fundo.

Mama aliondoka nyumba hii nilipokuwa darasa la nne. Kufukuzwa au kuondoka inategemea unamuuliza nani. Alichukua begi moja. Mimi nilibaki kwa sababu baba alisema mtoto anabaki. Alinishika bega pale mlangoni akasema, "Ile picha ni yako. Usiiache." Tangu siku hiyo nimeishi na shangazi ambaye hanipigi, hanitukani, ananipa chakula sawa na watu wote, na hajawahi kunitazama usoni zaidi ya sekunde mbili. Ninasema ukweli tu. Na mimi simpendi.

Sasa ndiyo nikapewa maiki.

Nilivua glavu nisome zile sentensi mbili. Kiganja kilikuwa kimetoka jasho, wino umekuwa wingu. Hakuna hata neno moja. Watu wakasubiri. Mshereheshaji akasema, "Msimtishe, binti ana haya," na hiyo ikawa mbaya zaidi.

Nikasikia sauti yangu kwenye spika, imechelewa kidogo kama ya mtu mwingine. "Hiyo picha ni ya mama yangu. Na siyo Galilaya. Ni Japani."

Kilichosikika ni turubai peke yake.

"Ni wapi?" akauliza mwinjilisti.

"Japani. Hayo maandishi ni ya Kijapani. Hiyo siyo mipaini ya Galilaya."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele, jirani yetu, akamgeukia mwenzake akasema bila hata kupunguza sauti, "Kwa hiyo ile sala ya Jumatano tulikuwa tunasali chini ya Wajapani?"

"Nyamaza, mama."

"Nauliza tu. Mimi nilipona mguu pale."

Watu wakacheka, wengine wakaficha mdomo kwa kanga. Mwinjilisti hakucheka. Alivua miwani akaikunja. Nyumbani kwetu, kwenye sala za Jumatano, alikuwa ameinyooshea kidole picha hiyo mara nyingi, akatuonyesha mpaka mashua ya Petro ni ipi.

Shangazi akaninyang'anya maiki. Hakuivuta kwa nguvu, alinifungua vidole kimoja kimoja. "Mtoto amechoka," akasema. "Mwinjilisti, tusamehe."

Mwinjilisti akasimama. "Zawadi nimeshaipokea mbele ya watu. Kilichopokelewa kimepokelewa. Fremu ni nzuri, kioo ni kizuri. Ila hiyo karatasi ya ndani, kama ndivyo ilivyo, sitaiweka kwenye nyumba ya Mungu. Maandishi tusiyoyajua hatuyatundiki. Kesho nitaitoa, nitajua la kufanya nayo."

"Ichomwe," akasema mtu mmoja kutoka nyuma, sikumwona ni nani, na wengine wakasema ee.

Akaondoka nayo saa tisa, ameibana kwapani, kioo kikiangalia nje. Mashua ya mwisho ndiyo niliyoiona hadi anapinda kona.

Jioni tuliosha masufuria, mimi na shangazi, uani. Wageni walikuwa wameondoka na jua lilikuwa bado linagusa paa. Alikuwa anasugua ukoko wa pilau kwa mchanga, mimi nasuuza. Halafu akaanza huku anaendelea kusugua.

"Umenivua nguo mbele ya umoja wangu."

"Ulitoa kitu kisicho chako."

"Kisicho changu. Kiko kwenye ukuta wangu, nakifuta vumbi mimi, siyo changu." Akaligeuza sufuria. "Unajua mama yako alikuja hapa mwezi uliopita?"

Sikuwa najua.

"Ulikuwa shule. Alikuja kuomba ahudhurie kipaimara. Amesimama pale getini, na kabla hajaniamkia, kabla hata ya salamu ya kamwene, akachungulia dirishani kuangalia kama ile picha ipo. Mimi nimesimama mbele yake kama mti. Nikamwambia hapana, hutahudhuria. Akasema sawa. Akaangalia tena dirishani." Akaniangalia, na safari hii ilizidi sekunde mbili. "Miaka sita nakupikia. Kila nikiingia sebuleni yuko ukutani ananisimamia. Nimechoka kusimamiwa."

"Ungenipa mimi."

"Ili ukae nayo chumbani umuabudu? Suuza hilo, bado lina mafuta."

Nilisuuza. Nilitaka kumrushia maji. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifikiria mpaka namna ya kushika beseni.

Baba nilimkuta karakana, lile banda la mabati pembeni ya nyumba anapolaza mbao zake zikauke. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, bado amevaa shati la sherehe, anachokonoa meno.

"Baba, wewe ulikuwa unajua siyo Galilaya."

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Lini? Leo?"

"Siku zote."

Akatupa kijiti. Baba akiongea maneno mengi ujue amelazimika. Akasema, "Aliyeiita Galilaya ni mama yako."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Siku ya kwanza nilipomleta hapa. Bibi yako aliiona ile picha kwenye mizigo, akauliza hiki ni nini, maandishi gani haya, watu gani hawa. Alishakuwa na hasira kwamba nimeoa Mkatoliki. Akasema hicho kitu hakiingii. Mama yako akajibu palepale, mama, hiyo ni Galilaya, ni mashua za mitume. Bibi yako akakaa. Akaitundika yeye mwenyewe kwa mkono wake." Akasogeza ubao mmoja kwa mguu. "Na wewe ulipozaliwa hukutukanwa Upangwa hata siku moja. Nyumba ilikuwa na Galilaya. Mimi nikaona ina faida gani kuiondoa."

"Na leo ulikuwa unaangalia mfupa."

"Nilikuwa naangalia mfupa."

Nilitamani anikasirikie ili na mimi nipate pa kuanzia. Hakukasirika. Basi nikabaki na hasira yangu yote mwenyewe, haina pa kwenda, na chini yake kitu kibaya zaidi: kwamba ile picha ilikuwa salama kwa miaka yote kwa sababu ya uongo wa mama, na niliyeitoa kwenye usalama huo ni mimi, kwa maiki, nikidhani naitetea. Shangazi aliipeleka kanisani, lakini kanisani ingetundikwa. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye moto.

Asubuhi ya leo, Jumatatu, niliamka saa kumi na moja na nusu. Kwetu, Jumatatu inayofuata kipaimara waliobarikiwa wanafagia kanisa, ndiyo kazi yao ya kwanza ya ukubwa, na shule zimefungwa kwa hiyo hakuna kisingizio. Tuliambiwa saa moja. Nilichukua ufagio wangu nikatoka kabla ya wote.

Baba alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na chai mkononi, moshi wa kikombe unakwenda mlalo kwa upepo. Hakuniuliza naenda wapi. Akaingia ndani akatoka na vipande viwili vya plaiwudi nyembamba, vimepigwa msasa mpaka kingo, na kamba ya katani.

"Ile ni karatasi laini," akasema. "Ukiipata, usiikunje. Ilaze katikati ya hivi."

Kanisani mlango wa ofisi ndogo nyuma ya madhabahu ulikuwa wazi. Mwinjilisti alikuwa ameilaza fremu kifudifudi juu ya meza, koleo mkononi, anang'oa misumari midogo ya nyuma mmoja mmoja. Kando aliweka cheti cha kwaya kilichopangwa kuingia badala yake. Kiberiti kilikuwa pale juu ya meza pia. Labda ni cha mishumaa. Sijui.

"Shikamoo mwinjilisti."

"Marahaba. Umekuja kufagia au umekuja kunisahihisha?"

Niliuegemeza ufagio mlangoni.

"Nimefundisha mbele ya hii picha nyumbani kwenu. Petro yuko hapa, Andrea yuko pale. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye kigoda."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Basi mbona hukuniambia tukiwa wawili? Jumatano yoyote ungeniambia. Umengoja wageni."

Hilo swali lilikuwa la haki. Nadhani ni kwa sababu mtu wa haya akinyamaza sana, siku akifungua mdomo hachagui mahali.

Akaweka koleo chini. "Nisikilize. Wenzako wanakuja saa moja. Simama hapo mbele yao useme jana maiki ilikuchanganya. Sema ni mashua za kwenye Injili. Galilaya usiitaje kama inakukwama. Mimi nitairudishia misumari na itakaa ukutani hapa, na watu watasahau. Vinginevyo naitoa, na sitaki kuiona."

Mama aliusema uongo huo palepale, akiwa na mizigo mkononi, na ukasimama miaka mingi. Mimi nilisimama pale nikaona kwamba ningeweza. Watu wangesahau kweli. Mashua sita zingekaa ukutani kwa mwinjilisti, na kila nikitaka kuziona ningebisha hodi.

"Nikisema hivyo, itakuwa ya nani?"

"Ya kanisa. Tayari ni ya kanisa."

"Basi naomba karatasi tu," nikasema. "Fremu baki nayo."

"Unaijua hasara ya kuwa na mdomo?"

"Naijua tangu jana."

Alikaa akiniangalia, halafu akamalizia misumari miwili iliyobaki. Akainua ubao wa nyuma. Karatasi ilikuwa pale, nyembamba kuliko nilivyowaza, na kwa nyuma rangi ilikuwa imepenya, kwa hiyo nikaziona mashua zangu upande wa pili kwa mara ya kwanza maishani, zimegeuka, hafifu, zinaelekea kule ambako huwa zinatoka. Mwinjilisti aliisukuma kwangu kwa ncha za vidole kama mtu anayesukuma sahani ambayo hajaimaliza.

"Chukua. Mimi nilitunzwa fremu," akasema. "Na upande wa wanawake ufagie chini ya mabenchi, siyo njiani tu."

Niliilaza kati ya plaiwudi, nikafunga kamba, nikaiegemeza ukutani ninapoweza kuiona. Wenzangu walipofika nilikuwa nimeshamaliza benchi nne. Nilifagia upande wote wa wanawake, chini ya kila benchi, ili asije akasema kwamba nilikuja kwa ajili ya kitu kimoja. Hakuna aliyeniongelesha, isipokuwa mmoja aliyepita na ndoo akasema, "Mjapani, sogea." Nikasogea.

Saa mbili kasoro nilikuwa stendi, nauli nimetoa kwenye bahasha ya zawadi, na saa tatu nilikuwa Njombe. Nilishuka nikatembea hadi mtaa wa Ramadhani, anapopanga mama. Mama anafuma masweta ya shule. Mashine yake iko barazani kwenye duka la mtu, na nilimkuta ameinamia sweta la kijani, mikono inakwenda na kurudi. Aliniona, akaona mbao, akajua kabla sijafungua. Hakusimama. Alimaliza mstari kwanza.

Nilifungua kamba. Akaangalia muda mrefu.

"Fremu iko wapi?"

"Kwa mwinjilisti."

"Kwa nini fremu iko kwa mwinjilisti?"

Nikamweleza. Turubai, kitenge, Kiebrania, maiki. Nilipofika kwa bibi aliyepona mguu, alicheka kidogo kwa pua. Halafu kicheko kikaisha na uso ukawa mgumu.

"Umewaambia kwa maiki."

"Ndiyo."

"Mimi nilidanganya miaka yote hiyo ili wewe na hii picha mkae kwenye nyumba moja bila kusumbuliwa. Wewe umeongea dakika moja."

"Nilidhani unataka wajue ni yako."

"Nani alikuambia nataka wajue? Mimi nilitaka wakae kimya." Akavuta uzi kwa nguvu mpaka bobini ya uzi ikaruka. "Umekula?"

"Hapana. Nimekuletea ukae nayo. Kule wataichoma."

"Hainihusu. Nilikuambia usiiache, sikukuambia uniletee. Chumba changu kinavuja kwenye kona tatu, nitaiweka wapi, kichwani? Nyumba yako ni ile."

"Nyumba ile hawanitaki."

"Wamekunyima chakula?"

"Hapana."

"Kitanda?"

"Hapana."

"Basi usiniletee maneno ya kutakwa. Unamaliza kidato cha nne palepale." Alisema yote hayo bila kuinua sauti, na mimi nikamchukia dakika ile kama ninavyomchukia shangazi, kwa kiasi kilekile. Nilikuwa nimebeba ile picha mapajani njia nzima kutoka Makambako nikiwaza atalia.

Kisha akachukua mkasi. Akakata uzi wa sweta, ule wa kijani, vipande vinne. Akalaza karatasi juu ya plaiwudi moja, akapitisha uzi kwenye kila kona na kuufunga nyuma, umekaza lakini haubani, hakuna gundi wala msumari uliogusa karatasi. Kwa kamba ya baba akatengeneza kitanzi cha kutundikia. Plaiwudi ya pili akaifunikia mbele kwa safari. Mikono yake ilifanya haraka kama inafanya sweta la mteja. Alipomaliza akaniweka mkononi mandazi mawili kwenye gazeti.

"Rudi kabla shangazi yako hajaweka sufuria," akasema. "Usimpe sababu mbili siku moja."

Nilifika nyumbani saa tano na nusu. Shangazi alikuwa sebuleni amekaa na chupa ya chai, miguu juu ya kigoda, uchovu wa jana bado umemkaa mwilini. Kwenye msumari wa picha alikuwa ameshatundika kalenda ya kanisa.

"Umetoka wapi?"

"Njombe."

"Kwa yule."

"Kwa mama."

Akamimina chai. Nilitoa kalenda, nikaiweka mezani, siyo sakafuni, nikahakikisha anaona kwamba siyo sakafuni. Nikafungua plaiwudi ya mbele. Nikatundika ile ya nyuma, na uzi wa kijani kwenye kona nne, bila kioo.

"Imepinda," akasema nyuma yangu.

Nikainyoosha.

"Bado. Kushoto."

Nikainyoosha tena.

"Mgeni akiuliza hiki ni nini?"

"Nitamwambia ni Japani."

"Utamwambia wewe. Mimi simo. Jumatano wakija utasimama hapo na mdomo wako huohuo umwambie kila mmoja anayeingia."

"Nitamwambia."

Alikunywa chai yake akiangalia ukuta, na sikuweza kujua anaangalia nini pale. Nikaenda jikoni kumenya viazi, maana Jumatatu ni zamu yangu.